Beseni Ndani ya Jabali

Fundi bomba alikuwa na gari kubwa la kazi. Majirani waliliita Jabali. Likinguruma asubuhi, mtaa mzima ulijua fundi anatoka, hata wale waliotaka kuendelea kulala.

"Fundi mkubwa, gari kubwa," alipenda kusema.

Ndani ya Jabali mlijaa mabomba, masinki, koki mbovu na ngazi mbili. Mlikuwa pia na beseni la kuogea, zito, la chuma. Bila mzigo, Jabali lilirukaruka barabarani. Fundi aliliweka beseni hilo ili kulituliza.

Alifanya kazi na binti yake. Binti aliijua kazi ya bomba barabara, ila Jabali lilimshinda kuliendesha. Kwa hiyo walikwenda pamoja kila mahali, hata kubadili koki moja.

Jioni moja binti alisema, "Baba, nimepata kazi kiwandani. Naanza mwisho wa mwezi."

Fundi aliweka kikombe chini. "Na kazi yetu?"

"Kazi yetu inalilisha Jabali tu. Tukilipwa, tunapitia kituo cha mafuta. Tukifika nyumbani hatuna kitu."

Fundi aliumia. Alikuwa amemfundisha binti huyo tangu hajaweza kuinua spana.

Asubuhi walikwenda gereji ya jirani. Mwenye gereji alikuwa mama mmoja mwenye maneno mengi na mikono myeusi kwa grisi.

"Mama, injini hii ina ugonjwa," fundi alisema. "Inakunywa mafuta mno."

Mama aliisikiliza injini. "Haina ugonjwa. Hebu fungua nyuma." Akaliona beseni. "Fundi, kumbe huwa unaoga njiani?"

Binti alicheka. Fundi hakucheka. "Hilo linatuliza gari."

"Yaani gari ni kubwa kuliko mzigo, linaruka. Ukaona uliongezee mzigo. Na mafuta ya kubebea beseni ananunua nani?"

Fundi alikuna kichwa.

"Shusheni vyote," mama alisema. "Mlivyotumia wiki hii, wekeni kando."

Walishusha. Vilivyotumika vilikuwa sanduku la spana, mabomba machache na ngazi fupi. Vingine vilirundikana mpaka dirishani.

"Gari kubwa ni zito hata likiwa tupu," mama alieleza. "Kila likiondoka, kila likipanda kilima, injini inasukuma uzito ule. Uzito unakula mafuta. Anayebeba saruji kila siku, gari kubwa linamfaa, maana anakwenda safari moja badala ya tatu. Wewe tafuta gari la kutosha mzigo wako wa kila siku. Siku ya mzigo mkubwa, kodi. Na matairi yajae upepo sawasawa. Tairi legevu nalo linakula mafuta."

"Wateja watasema nimefilisika."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Mteja anataka maji yatoke bombani."

Fundi alimgeukia binti yake. "Gari dogo ungeliendesha?"

"Ningeliendesha, Baba."

Jabali lilinunuliwa na muuza saruji. Fundi alikwenda kutazama gari dogo lililotumika, akiwa na vifaa vyake vya kila siku. Alivipakia kwanza. Vilipoenea, ndipo akalipa. Beseni lilibaki gereji. Mama alilijaza maji, akawa anazamishia mipira ya matairi kutafuta pancha.

Zamani mafuta ya wiki yaliisha Jumatano. Sasa yalifika Jumamosi. Binti aliendesha kwenda kwa wateja wa mbali, na fundi akaenda kwa wa karibu kwa miguu, mfuko begani. Kazi mbili zilikwenda kwa wakati mmoja, na nyumbani pakabaki akiba.

Mwisho wa mwezi ulifika. Asubuhi hiyo fundi hakunywa chai. Alitoka nje, akaenda kwenye mlango wa dereva kama alivyozoea enzi za Jabali. Binti alikuwa tayari ameshika usukani.

"Leo si siku ya kiwandani?" fundi aliuliza polepole.

"Nilishawaambia siendi. Zunguka upande wa pili, Baba, kazi ya leo inataka watu wawili, na wateja wanasubiri."

Fundi alizunguka, akaketi, akafunga mkanda.