Jina la Kumi na Moja

Radjabu alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kibendera cha kijani mkononi, tumbo mbele, akiliamrisha gari la moshi lisilokuwapo liondoke katika kituo kisichokuwapo, alipogundua kwamba Biasha yuko nyuma yake na sahani ya chakula. Mtu wa miaka arobaini na minane, aliyetembea Tabora, Bagamoyo na Uvira, akaachwa na wake watatu na kukiri kwamba wote watatu walikuwa na haki, hakujua auweke wapi uso wake. Alijaribu kushuka kama bwana mkubwa. Kinu kikabingirika, naye akashuka kwa makalio.

Wenzake wawili walicheka mpaka machozi. Mustafa mshonaji alisema reli imepata ajali yake ya kwanza. Swedi, fundi wa mitumbwi, akauliza kama abiria wamesalimika. Radjabu naye alicheka, maana kujicheka ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote, lakini kicheko kilimkauka mapema. Katika kuita majina ya mchezo wao, jina la mwisho alilolitamka kabla ya kuanguka lilikuwa la Kassimu. Kassimu alikuwa mume wa Biasha, na mwaka mzima sasa alikuwa marehemu. Na mtu alikuwa ameitika.

"Nipo," sauti ilisema kutoka upande wa njia, taratibu, kama mtu aliyeitwa kula.

Mustafa alidhani ni Swedi. Swedi alidhani ni Mustafa. Biasha aliiweka sahani chini, akaitazama njia iliyokuwa tupu, kisha akamtazama Radjabu.

"Shemeji, huyo aliyeitika ni nani?"

Hakungoja jibu. Alirudi kwake akitembea polepole kama aliyebeba mtungi uliojaa pomoni. Hapo ndipo harufu ilipokuja. Rumonge ilikuwa na harufu zake, mawese yanayochemka na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanaoanikwa mchangani, na mtu huzizoea mpaka haziwi harufu tena. Hii haikuwa ya Rumonge. Ilikuwa ya makaa ya mawe na mafuta ya mashine yaliyopata moto, na katika wote watatu ni Radjabu peke yake aliyepata kuinusa.

Ilikuwa mwaka ule ambao gari la moshi lilikuwa limeshafika Kigoma, na Wadachi, yaani Wajerumani, bado ndio wenye amri kuanzia Usumbura hadi pwani. Radjabu alikuwa amefanya kazi ya reli miaka minne, akarudi nyumbani na masikio yaliyoziba nusu, mzigo wa hadithi, na kibendera kimoja. Kila baada ya sala ya alasiri watu hao watatu walikutana uani kwa Mustafa kuendesha reli yao wenyewe. Ilianzia Usumbura, ikapita Muhuta, ikasimama Rumonge watu wale, ikaendelea Nyanza na Kabonga, ikafika Kigoma kesho yake mchana. Mustafa alikuwa ameshawashonea watumishi wote wa reli nguo, akilini. Swedi alishikilia kwamba kila behewa lizibwe nyufa kama mtumbwi, kwa sababu huwezi kujua. Siku mbili waligombana iwapo ndagala wapande pamoja na watu, na wakapatana haraka sana, kwa sauti ya chini, kwamba Wadachi watapanda behewa la nyuma pamoja na mbuzi.

Hata vigingi walikuwa wamechomeka, kutoka upande wa Muhuta hadi ukingoni mwa ziwa. Njia ilipita katikati ya ua wa Biasha, kwa kuwa Radjabu alitaka kituo kikubwa kiwe karibu na chakula cha Ijumaa. Biasha aliruhusu. Alisema acha watu wazima wacheze, Kassimu naye angecheza.

Chakula hicho cha Ijumaa ndicho kilichokuwa mwiba. Biasha alikuwa akimpelekea kila wiki, ugali wa muhogo na samaki mzima wa mukeke, kwa sababu Radjabu ndiye aliyemwosha mumewe na kumzika kule Malagarasi, homa ilipomchukua. Ndivyo Radjabu alivyomwambia. Naye alikula. Hakuacha hata mkia.

Homa haikuwapo. Pale mlima ulipochongwa kupisha reli palikuwa pembamba, watu wakiingia na mabehewa ya kokoto yakiingia hawapishani. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: kabla mabehewa hayajasukumwa, mshika bendera huwaita kwa majina wote waliomo ndani, mmoja mmoja, na kila mmoja hujibanza ukutani na kuitika "Nipo." Wa mwisho akiitika, ndipo bendera ya kijani inapopanda. Siku hiyo waliomo walikuwa kumi na mmoja. Radjabu alikuwa akiwasimulia wenye mashine hadithi ya bwana harusi aliyemposa mama mkwe, aliita majina huku akisimulia, akafika kumi, hadithi ikafika penye kicheko, akainua bendera. Kassimu, wa kumi na moja, alikuwa ameinama anashindilia kokoto chini ya mataruma ya reli.

Katika mchezo wao Rumonge waliihifadhi sheria ile, maana Radjabu alisema reli isiyoita majina si reli. Mustafa na Swedi waliitika kwa niaba ya watu wa kubuni. Ijumaa ile majina ya kubuni yalimwishia, na ulimi, kwa mazoea yake, ukashika orodha ya zamani na kuimaliza.

Jumapili Esha, mdogo wake Biasha aliyekaa naye, alikuja uani akiwa amesawijika. Alieleza kwamba adhuhuri mbili sasa, jua likiwa utosini na watu wakiwa wamelala, kitu kinagonga chini ya sakafu ya nyumba, ko, ko, ko, kinasimama, kinasogea hatua moja, kinagonga tena. Kwamba alipochota ndagala chunguni alichota na kokoto. Alizifungua kutoka pindo la kanga akawaonyesha: za kijivu, zenye ncha kali, si za mviringo kama za ziwani. Mustafa alisema labda ni watoto. Radjabu alizitazama akasema labda mpishi anataka kuongeza uzito wa mboga, akacheka peke yake, na kokoto moja mkononi mwa Esha ilikuwa bado ina joto.

Siku ya tano Biasha aliacha kula. Siku ya saba walimkuta adhuhuri katikati ya ua wake, baina ya vigingi, amepiga magoti, anashindilia mawe ardhini kwa mikono mitupu, kucha zimeng'oka mbili. Esha alimshika mabega akamwambia dada, inuka, jua litakuua. Biasha alijibu kwa upole kwamba Kassimu amemwomba amsaidie kazi, imebaki kidogo tu, gari likija wote wawili watakuwa wamemaliza. Radjabu alikuwa amesimama penye ua wa matete na aliyasikia maneno hayo yote. Angeweza kusema. Alikwenda kumtafutia maji ya kunywa, akajiona mwema kwa kumletea maji, akajichukia kabla kata haijajaa.

Esha hakumsubiri mtu. Alipanda mtumbwi hadi Kabonga akarudi na Bi Kulthumu, fundi wa kupunga majini, mwanamke mfupi mwenye mtoto wa jicho katika jicho moja, asiyependa mazungumzo. Bi Kulthumu aliuzunguka ua mara moja, akainama, akanusa kigingi, akauliza nani mwenye reli. Mustafa na Swedi walimtazama Radjabu kwa pamoja, kama watumishi waaminifu.

"Kassimu yuko kwa Mola wake, hana haja na nyie," Bi Kulthumu alimwambia. "Huyu iko jini la mwamba. Alikuwapo damu ilipomwagika, akaonja. Ameingia hapa kwa nguo yako hiyo ya kijani, na weye ukamwita kwa jina la mutu, akaitika. Amekaribishwa. Hatatoka mpaka aliyemwita aseme kwa nini jina lile lilikuwa linamwasha ulimi."

"Nisiposema?"

"Gari litafika."

Walikusanyika alasiri chumbani mwa Biasha, mlango umefungwa, chetezo cha ubani katikati, Esha amemshika dada yake, Mustafa na Swedi wamejibana kona moja kama hirizi kwenye kamba. Bi Kulthumu alipiga ngoma ndogo kwa vidole na kusoma alichokisoma. Muda mrefu hakukuwa na kitu. Kisha Biasha akainua kichwa, na uso ulikuwa wake, na mdomo ulikuwa wake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume aliyemeza vumbi.

"Mshika bendera," ilisema. "Ndani ya mlima walikuwa wangapi?"

Radjabu alifungua kinywa, na kilichotoka, Mungu amsamehe, ni mzaha. Alisema yeye hesabu hazijui, ndiyo maana alioa mara tatu. Biasha akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha kiume, kichwa nyuma, na kadiri alivyocheka ndivyo harufu ya makaa ya mawe ilivyojaa chumbani hata ubani ukafa, na kwa mbali, upande wa Muhuta, ambako hakujapita chuma tangu dunia iumbwe, kitu kikaanza kunguruma.

"Mzuri," sauti ilisema. "Hata siku ile ulikuwa mzuri. Simulia tena."

Mngurumo ulikuja ukifuata vigingi, walivisikia vikivunjika kimoja baada ya kingine, cha shamba la michikichi, cha kisimani, cha nyuma ya karakana ya Swedi, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya mikeka, na chungu kikaruka mafigani, na kokoto zikaanza kudondoka kutoka kwenye makuti juu yao, na Biasha akajivuta kutoka mikononi mwa Esha, akalala kifudifudi katikati ya chumba, kichwa kuelekea kule mngurumo ulikotoka, mikono yake yenye damu ikishindilia udongo kwa bidii, ko, ko, ko, kama mtu anayeogopa kukaripiwa na mnyapara, na Radjabu akaiona tena ile shingo, si ya Biasha bali ya yule mwingine, imeinama vilevile, haijui, inaamini kwamba rafiki yake amesimama nje na bendera na kwamba rafiki huyo hawezi kusahau.

"Kumi na mmoja," alisema. Hakusikia sauti yake mwenyewe. Akasema tena kwa nguvu. "Walikuwa kumi na mmoja. Niliita kumi. Nilikuwa nachekesha watu, sikumwita Kassimu, na nikainua bendera. Hakuwa na homa. Biasha, hakuwa na homa. Nimekudanganya, na kila Ijumaa nimekula chakula chako."

Upepo wa moto ulipita kati yao, ukapasua mlango kutoka ndani, ukashuka ziwani. Walisikia maji yakichemka kama yaliyotumbukizwa chuma cha moto cha mhunzi, kisha mbwa wa mji mzima wakabweka, kisha wakanyamaza. Kibendera kilichokuwa kiunoni mwa Radjabu kilikuwa majivu. Bi Kulthumu aliweka ngoma chini akasema amekwenda, akaomba maji ya kunawa.

Biasha alikaa kitako. Alizitazama kucha zake kwa muda.

"Alipiga kelele?" aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe.

"Hakuwahi."

Aliitikia kwa kichwa, na Esha akawatoa wote nje.

Ijumaa iliyofuata hakuna sahani iliyokuja, wala Radjabu hakuitazamia. Mustafa na Swedi walipita njia yote wakaokota vipande vya vigingi wakavitia moto. Hawakumsema. Afadhali wangemsema. Mustafa aliendelea kumwachia nafasi yake ile ile ya kukaa, naye Radjabu alikaa akawasikiliza wakizungumza habari za mvua.

Siku ya kumi alijikaza akaenda. Biasha alikuwa uani, vidole vimefungwa vitambaa, anachagua ndagala kwenye ungo. Radjabu alisimama mbali kidogo akasema yote aliyoyatunga usiku kucha. Alisema hamwombi msamaha kwa sababu hajui aanzie wapi kuomba. Alisema kaburi la Kassimu halina hata jiwe, yeye peke yake ndiye anayelijua lilipo, chini ya mti mmoja upande wa kushoto wa reli. Alitaka kwenda Malagarasi kwa miguu yake, si kwa gari, akalijengee, akamsomee hitima, akawatafute wale kumi walio hai na kuwaambia kila mmoja jambo alilolifanya. Alisema yuko tayari hata kesho, anachongoja ni neno lake Biasha tu, kwa kuwa hangependa kufanya jambo kubwa kama hilo bila ruhusa ya mwenye msiba, na kwamba kama Biasha angeona safari hiyo ni mzigo kwake, au kama angeona ni heri yeye Radjabu angoje mvua zipite, basi angengoja.

Biasha aliutikisa ungo, akapuliza makapi, hakuinua macho.

"Mimi nilidhani umeshaondoka," alisema.