Bawaba Alizochomelea Bingwa

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe hakuitikia. Alisimama kaujaza mlango wote.

"Unatafuta nini hapa?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Mke gani? Yule uliyemtangaza mtaani kwamba kamkata mtu mguu?"

Bingwa akainamia viatu vyake. Mafundi wa mageti mtaa mzima walimwita Bingwa, na jina lilimkaa kichwani kama taji. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kuchomelea. Siku wanamaliza geti la mwenye ghala, mkewe alizigonga bawaba kwa nyundo, akasikiliza mlio.

"Mume wangu, hizi hazijashika. Rudia."

"Tangu lini yai likamfundisha kuku?"

Mafundi wakacheka. Geti likapelekwa hivyo hivyo. Wiki haikuisha, likamwangukia mlinzi, mguu ukakatwa. Mwenye ghala akaja anafoka, "Nani alichomelea bawaba?" na Bingwa, mbele za watu, akamnyooshea kidole mkewe. Mkewe alivua glavu taratibu, akaondoka kwenda kwa mama yake.

"Mwache aseme, mama," sauti ya mkewe ikatoka ndani.

"Nisamehe, mke wangu. Haya tuyamalize kifamilia."

"Ulinivua nguo barazani, unataka kunivisha uvunguni?"

Bingwa akasogea hatua moja. Mkewe akaendelea.

"Mke wa mlinzi alinitemea mate sokoni. Nikajifuta. Nikasema moyoni, mume wangu atasema tu ukweli. Hukusema."

"Nikisema nitafungwa."

"Unaogopa jela, au unaogopa kuchekwa?"

Jamani, Bingwa alilijua jibu. Ndiyo maana aligeuka, akaondoka.

Asubuhi yake, kwenye simu ya mkewe ukaingia ujumbe: "Nakupigia. Pokea, usikate."

Alipopokea hakuongeleshwa. Bingwa aliitia simu yake, ikiwa bado hewani, kwenye mfuko wa shati, akasimama katikati ya karakana. Alikuwa amemwita mwenye ghala. Alikuwa amemwita na mlinzi, aliyekuja na magongo yake, jasho linamtiririka.

"Zile bawaba nilichomelea mimi. Mke wangu alinionya, nikamgeuza kichekesho. Halafu nikamsingizia."

"Bingwa, mapenzi yamekulewesha," fundi mmoja akasema. "Unambebea mwanamke kosa?"

"Kosa ni langu. Na hilo jina msiniite tena."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Mlinzi akamkazia macho. "Kwa hiyo nimekuwa namlaani binti wa watu bure?"

"Ndiyo, kaka."

Akapiga magoti kwenye vumbi la chuma. "Nisamehe."

"Inuka. Magoti yako hayanirudishii mguu."

Mwenye ghala alishapiga simu polisi. Bingwa hakukimbia.

Jioni mkewe akafika kituoni. Alikuwa amekonda. Bingwa alishika nondo za mahabusu.

"Ulisikia?"

"Yote."

"Umenisamehe?"

"Bado."

Alipenyeza shuka kati ya nondo. Bingwa akalipokea kwa mikono miwili, kama mtoto anayepewa zawadi na mkubwa.

"Basi umekuja kwa nini?"

"Nimetoka kwa mlinzi. Mkewe kanifungulia mlango, tukakaa tukalia." Akafuta pua kwa kiganja. "Ametaka nimtengenezee mumewe kiti cha kuogea, asiwe anaanguka. Nimekubali."

"Hakikisha miguu imeshika," Bingwa akasema, kisha akajishtukia. "Samahani. Unajua kazi kuliko mimi."

Mkewe akasogea karibu na nondo.

"Ulikuwa unalijua hilo?"

"Tangu zamani. Ndilo lililokuwa linaniuma."

Askari akagonga meza, muda umeisha. Mkewe akajifunga mtandio vizuri.

"Kesho nikuletee chakula gani?"

"Chochote."

"Wewe? Wewe unayesukuma sahani chumvi ikizidi?"

"Chochote, mke wangu. Hata ukija mikono mitupu."