Waya Ulipolegea Korongoni Gendabi

Land Rover ilikuwa katikati ya korongo, juu kidogo ya kijiji cha Gendabi, Mlima Hanang ulipotoa mlio ambao Severina hakuwahi kuusikia. Haikuwa radi. Ulikuwa kama mlio wa ngano inayomwagwa ghalani, ila huu haukukoma. Dereva hakuwahi hata kubadili gia. Tope, mawe na magogo viliipiga gari ubavuni, vikaiburuta na kuibamiza kwenye ukingo wa chini.

Kisha ikabaki mvua tu, ikipiga bati.

"Mzee Basili," Severina aliita.

"Nipo, mwanangu. Mguu ndio siusikii."

Ulikuwa umebanwa chini ya usukani. Alipofanikiwa kuuchomoa, aliona umepinda pale ambapo mguu wa mtu haupindi. Akatazama pembeni, akatazama tena. Nguzo ya antena iliyofungwa juu ya gari ilikuwa imekatika vipande. Akachukua viwili, akauweka mguu katikati, akaufunga kwa kanga. Basili aliuma kofia yake.

Severina, mzaliwa wa Songea, alikuwa fundi wa redio katika shamba kubwa la ngano la serikali. Siku za mapumziko alitumia redio yake mwenyewe, ya ridhaa, ile ambayo wenye leseni huitumia kuongea kwa mapenzi tu. Basili, mwenyeji wa Endasak, alikubali kumpeleka mlimani ajaribu antena mpya. Mwenzake Severina katika mambo ya redio, Philemon, alikuwa kwenye karakana ya shamba akisubiri kumsikia.

Redio iliwaka. Kompyuta ya kubeba, iliyounganishwa nayo kwa kebo, nayo iliwaka. Antena ndiyo haikuwepo.

Alichukua bunda la waya wa shaba, akapanda ukingo kwa magoti, akafunga ncha moja kwenye mti uliosimama juu ya korongo, akarudi na nyingine hadi kwenye gari. Kompyuta ikaiamuru redio ipite masafa mbalimbali kwa mfuatano, huku ikipima ni kiasi gani cha mawimbi kinatoka na kiasi gani kinagonga waya na kurudi. Mstari ulijichora kwenye kioo. Karibu yote yalikuwa yanarudi.

"Inasemaje?" Basili aliuliza.

"Waya ni mrefu. Nikiita hivi, redio itajizima ili isiungue."

"Basi kata."

Alikata, akapima. Bonde la ule mstari, mahali ambapo mawimbi yanayorudi ni machache, lilisogea kulia, kuelekea masafa ya Philemon. Akakata tena, kidogo kidogo, maana waya mwingine hakuwa nao. Bonde lilipofika, aliita hadi koo likamkauka. Ndipo sauti ikaja, nyembamba, katikati ya mikwaruzo.

"Severina, nimekusikia. Mko wapi?"

Alimweleza.

"Tunakuja na trekta. Msitoke kwenye gari. Narudia, bakini kwenye gari."

Basili alifumba macho. Severina alikinga maji ya mvua kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akamnywesha. Mvua ikapungua, ikakatika. Ili awe tayari Philemon akiita tena, alipima upya.

Bonde lilikuwa limesogea kushoto, kana kwamba waya umerefuka.

Hakuwa amegusa kitu. Alidhani betri imechoka. Akapima tena, likasogea zaidi. Upepo haukuwepo. Akainua macho kuufuata waya na kuona umelegea, ukining'inia karibu na nyasi. Mti ulikuwa unawajia, umesimama wima, na udongo wake chini yake.

Severina hakuamini macho yake. Halafu akagundua kwamba maji ya korongoni hayatiririki tena, kana kwamba kuna kilichoyaziba huko juu.

"Mzee, tunatoka."

"Ametuambia tukae."

"Mlima unatembea."

Alimshika makwapani na kumvuta. Basili alipiga kelele mara moja, kisha akaanza kujisukuma kwa mguu mzima, viwiko vikichimba tope. Walipita vichakani, wakapanda jabali jeusi lililochomoza ubavuni mwa korongo. Severina alikuwa bado ameshika ukosi wa koti la Basili mlima ulipoachia. Gari haikupinduka wala kusukumwa. Ilifunikwa tu, na pale ilipokuwa pakawa tambarare.

Wote wawili waliendelea kupatazama.

Trekta lilikuja jua likiwa limeegemea upande wa magharibi. Philemon aliruka kabla halijasimama, akakimbia hadi ukingoni, akaona tope, akaliita jina la Severina kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu. Severina alipunga mkono, lakini Philemon hakutazama juu. Basili ndiye aliyepiga mluzi.

Philemon alipowafikia hakuwasalimia. Aliketi juu ya jabali, uso umemparara.

"Mimi ndiye niliyewaambia mkae," alisema. "Nilirudia mara mbili."

"Ungejuaje, kijana," Basili alisema. "Tupe maji."

Baadaye Basili alitembea, akichechemea, na hakuendesha tena gari kupita korongo lile. Lakini siku hiyo alikunywa kwanza, akashusha pumzi, akampa Severina kikombe. Severina alikipokea kwa mikono miwili. Mikono iliyokata waya bila kukosea sasa ilitetemeka hadi maji yakammwagikia kifuani, na hakuweza kukifikisha mdomoni. Philemon akasogea, akamshikia, hadi akamaliza.