Msumari Alioupigilia Mwenyewe

Soko lilikuwa limefurika siku fundi suti alipopeleka kiatu kwa fundi viatu. Suruali yake ya kijivu ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, lakini soli ilikuwa inapiga makofi kila hatua. Fundi viatu, binti mwenye aproni ya ngozi na gundi kwenye kucha, akamcheka: unavalisha wenzako, mwenyewe unatia aibu? Akaipigilia misumari soli ile, na wakabadilishana namba za simu.

Wakapendana haraka. Simu asubuhi, simu mchana, "fundi mwenzangu, umekula?" Lakini kila walipobaki wawili chumbani, jamaa alikumbuka kazi. Mara suti ya bwana harusi, mara cherehani imekorofisha. Mara ya tatu aliondoka na soksi mfukoni. Binti akalia, kisha akakasirika, na mimi simlaumu. Shangazi yake alishamwambia mwanamume anayekimbia chumba chako ana chumba kingine. Basi binti akapiga simu, akamwambia jamaa aende tu kwa huyo mwingine.

Jamaa akajibu tu, "Sawa." Jamani, sawa ndiyo neno la kumwambia mtu anayekupenda?

Wiki mbili zikapita, hakuna aliyelala vizuri. Siku moja mchana jamaa akaja kibandani, akisingizia kiatu kilekile. Binti akakipokea kwa hasira, akaingiza mkono ndani kama anavyopima kila kiatu. Akautoa upesi, kidole kimechomwa. Msumari mmoja alioupigilia mwenyewe ulikuwa umetokeza, na ndani kumelowa damu.

"Umetembea na msumari huu tangu lini?"

"Msumari gani?"

Alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Akamkalisha kwenye stuli, akamvua soksi. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu bichi, na mwenye mguu akalishangaa kama la mtu mwingine.

Hapo ndipo yalipomtoka jamaa. Kisukari, mwaka wa tisa huu. Miguu imekufa ganzi, daktari anasema mishipa ya fahamu imeharibika.

"Na si miguu tu," akasema, macho chini. "Nakutaka mpaka nakosa raha, lakini mwili hauitiki. Nikaona bora unidhanie mhuni kuliko ujue."

"Mjinga wewe," binti akasema, machozi yanamtiririka. "Nimemchukia mwanamke ambaye hata hayupo."

Akaosha kidonda, akakifunga. Akamwambia wanakwenda zahanati sasa hivi, wote wawili, na hilo lingine kama jamaa anaona haya kumuuliza daktari, binti atauliza mwenyewe. Kisha akaugusa unyayo wake kwa kidole.

"Hapa?"

"Sisikii."

Akapanda hadi kwenye kifundo. "Hapa?"

"Bado."

Akapanda tena kidogo. Jamaa akashtuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hapo nasikia."

"Basi tutaanzia hapo," akasema fundi viatu, akavua aproni, akafunga kibanda.