Muhuri wa Tarehe Tatu

"Winnie, nimeandikiwa barua ya kujieleza."

Alikuwa Kai kwenye simu, saa saba mchana. Winfred alikuwa na tonge la wali mkononi, kibandani nyuma ya ofisi yao pale Changamwe.

"Ujieleze nini?"

"Ile barua yenu ya utafiti wa vijito. Imepatikana chini kabisa ya trei yangu. Ina muhuri wa kupokelewa tarehe tatu Machi, na muhuri ni wangu, hakuna mwingine anayeushika. Siku thelathini zimepita, hatukujibu. Na mimi siikumbuki, haki ya Mungu. Hata kitabuni sikuiandika."

Winfred akalirudisha tonge sahanini. Yeye aliikumbuka vizuri sana, maana muhuri ule aliupiga yeye.

Subiri kwanza, usimhukumu kabla hujasikia. Ukishasikia, mhukumu utakavyo, mimi simtetei.

Winfred Kafedha alikuwa karani wa Bwana Musyoka, mwenye kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kutafiti vijito na mahori ya upande wa bara. Maji ya Mikindani yanaelekea wapi, yanakutana wapi na hori la Jomvu Kuu, ule mkono wa bahari, na kinachomwagwa juu kitamfikia nani chini. Kuna tajiri alitaka kujenga yadi ya kuoshea malori ya mafuta huko juu, na bila utafiti huo hapati kibali. Utaratibu wao ulikuwa hivi: kila ofisi ya umma inayohusika iandikiwe barua, ipewe siku thelathini kutoa maoni. Isiyojibu huandikwa haina pingamizi. Kazi ya Winfred ilikuwa kuzipeleka barua kwa mkono na kurudi na nakala zilizopigwa muhuri.

Barua kumi na moja alizipeleka kwa siku mbili, jua la utosi, bila kulalamika. Ya kumi na mbili ilikuwa ya ofisi ya maji anakofanya kazi Kai Nyale, mchumba wake. Akasema moyoni, hii ni ya nyumbani, nitampa nikimwona. Akamwona mara tano. Wakaongea mahema ya harusi yao, wakaongea kwaya, wakabishana kama wapike pilau au biriani. Barua ikalala mkobani wiki tatu chini ya vipande vya vitambaa vya nguo za wasimamizi wa harusi.

Aliigundua tarehe ishirini na nne. Bwana Musyoka alishasema atakayechelewesha barua aende na vitu vyake. Akakimbia kwa Kai. Kai, kwa furaha ya kumwona, akatoka kumnunulia viazi karai na chai, akamwacha peke yake na meza. Muhuri wenyewe ni ule wa kuzungusha tarehe kwa kidole. Winfred akauzungusha nyuma hadi tarehe tatu, akapiga barua, akapiga nakala, akaurudisha ulivyokuwa, na barua akaisokomeza chini ya rundo ili isionekane ngeni. Alijiambia ofisi ile haijawahi kujibu barua ya mtu. Mwenzake Agneta alikuwa akisema hivyo kila siku. Kisha akala viazi vyake, akacheka, akaaga.

Sasa Kai alikuwa bado yuko kwenye simu.

"Nimejiuliza tangu asubuhi. Tarehe tatu nilivaa nini? Nilikula wapi? Giza tupu."

"Watu husahau, Kai."

"Baba alianza hivi hivi."

Winfred akafumba macho. Marehemu Mzee Nyale alikuwa mwalimu wa hesabu. Alianza kwa kusahau daftari za wanafunzi, akasahau njia ya kurudi kwake Mikindani, na mwisho akamsahau Kai, akawa anamwita "bwana mgeni". Hilo ndilo jambo pekee duniani Kai aliloliogopa, na Winfred alilijua kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: ni mimi, Kai. Unajua alisema nini?

"Usijali, mpenzi. Ni uchovu."

Lo, dada yangu.

Kuanzia siku hiyo Kai akawa na kijitabu mfukoni. Aliandika alichokula, aliyempigia simu, mlango alioufunga. Alikuwa mtu wa mizaha, mizaha ikakauka. Kazini Bi Josephine, mkubwa wake, akamnyang'anya muhuri. Si kwa ubaya, alisema, mpaka tujue una nini. Jioni moja akamtumia Winfred ujumbe:

*Leo nimekupigia mara ngapi? Mimi nimeandika mbili. Niambie ukweli.*

Winfred akajibu: *Mbili.*

Wiki nzima hilo ndilo neno pekee la kweli alilomwambia. Aliandika ujumbe mwingine mrefu, akaeleza yote, mkoba, viazi, muhuri. Akausoma. Akaufuta. Akajiambia kesho. Kesho yake Kai akaenda hospitali, wakampiga picha ya kichwa, wakamwambia hawaoni kitu lakini kwa historia ya baba yake afuatiliwe. Neno hilo "afuatiliwe" likammaliza.

Jumapili baada ya ibada akamwita Winfred kwao Mikindani, wakaketi na mama yake, Bi Florence. Kai hakuzunguka.

"Harusi tuiache, Winnie. Nimemwona mama akimvisha baba shati kama mtoto miaka sita. Wewe sikufanyii hivyo. Tafuta mtu mwenye afya uolewe."

Huyu mtu alikuwa akimwacha kwa kumpenda, na ugonjwa wenyewe alipewa na Winfred.

"Sikuachi," akasema. "Nitakuuguza."

Bi Florence akaangua kilio. Akamshika Winfred mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu, akasema Mungu amempa binti. Winfred akamwacha aubusu. Na yeye akamshika, akamfuta machozi kwa leso yake.

Haikuishia hapo. Bi Florence akamweleza mchungaji, na Jumapili iliyofuata mchungaji akamsimamisha Winfred mbele ya watu. Vijana, tazameni mapenzi ya kweli. Akina mama wakapiga vigelegele. Winfred alisimama pale uso umemvimba kwa aibu, na kadiri alivyoinamisha kichwa ndivyo walivyozidi kumsifu kwa unyenyekevu.

Ukafika mkutano wa mwisho wa utafiti, ukumbini Jomvu Kuu. Ofisi zote zilizoandikiwa zilileta watu: wa misitu, wa uvuvi, wa afya, wa kaunti. Nyuma waliketi wenyeji, wanawake wanaovua kamba na kuokota chaza horini. Winfred alikaa mlangoni na karatasi ya mahudhurio.

Bwana Musyoka alisoma matokeo kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Utafiti umeona kijito cha Mikindani kinapotelea ardhini kabla ya kufika horini. Hakuna maji yanayoungana. Akataja ofisi moja moja. Alipofika ya Kai akasema ilipokea barua tarehe tatu Machi, haikujibu, kwa hivyo haina pingamizi.

Bi Josephine akasimama. Akasema pingamizi wanalo, tena kubwa. Kijito hakipotei popote. Kai amekipima misimu miwili ya mvua, ndani ya matope hadi magotini, na mvua ikinyesha maji yanateremka moja kwa moja mpaka horini, bahari ikijaa yanarudi juu. Yadi ikijengwa, mafuta yataingia kwenye sufuria za watu hawa.

"Mama, nakuheshimu," Bwana Musyoka akamjibu, "lakini muda umepita na muhuri ni wenu."

Mwenyekiti wa mkutano akauliza ni nani aliyeipokea barua. Kai akainuka. Alikuwa amekonda, shati limemzidi mabega.

"Ni mimi," akasema. "Barua niliipokea nikaisahau. Sikusahau kwa dharau. Kwetu kuna ugonjwa wa kusahau, baba alikuwa nao, na mimi naona umenianza. Natafuta matibabu. Ninaomba kitu kimoja tu. Watu wa Jomvu Kuu wasiumizwe kwa sababu ya kichwa changu."

Mama mmoja nyuma akasema taratibu, pole mwanangu. Ni hilo "pole" lililomshinda Winfred. Alijikuta amesimama, karatasi za mahudhurio zimemwanguka miguuni.

"Hakusahau."

Watu wakageuka.

"Winfred, keti," Bwana Musyoka akasema.

"Hakusahau kitu. Barua hakuipata tarehe tatu. Ilikuwa kwenye mkoba wangu mpaka tarehe ishirini na nne. Nilikwenda ofisini kwake, akatoka kuninunulia chakula, nikaurudisha muhuri nyuma nikapiga mwenyewe. Nikaificha chini ya trei. Kai hana ugonjwa wowote. Ni mimi."

Hakumtazama mwenyekiti wala mkubwa wake. Alimtazama Kai peke yake, na Kai alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu.

"Kwa hivyo mimi ni mzima?" akauliza.

"U mzima, Kai."

Kai akaketi. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Kisha akachomoa kile kijitabu mfukoni, akakiweka mezani, akatoka nje bila kumtazama Winfred.

Mwenyekiti akaamua siku za ofisi ya maji zihesabiwe upya na kijito kipimwe tena mbele ya wenyeji. Jioni Bwana Musyoka akatuma ujumbe wa maneno mawili: *Kesho usije.* Habari ikaenea kanisani na sokoni. Winfred akajifungia ndani kwa dada yake Maryanne, mtaa wa Airport. Hakumlaumu yeyote. Kila akipiga simu, Kai hapokei.

Siku ya tisa simu ikalia, ujumbe:

*Njoo Mikindani saa kumi. Nimewaomba watu wasimwambie mama. Utamwambia wewe.*

Kai alimngoja langoni. Winfred akaanza kulia kabla hajafika.

"Nisikilize," Kai akasema. "Muhuri nilikusamehe siku ile ile. Kazi ni kazi, mtu huogopa. Ungeniambia saa ile ile kwenye simu ningekutukana kidogo, halafu tungecheka. Lakini nililala kwenye ile mashine hospitali nikisema majina ya ndugu zangu kimoyomoyo nisije nikayapoteza. Na wewe ulikuwa nje, umenishikia viatu."

"Ndiyo."

"Hilo bado. Sijui litachukua muda gani. Lakini sitaki kulibeba nikiwa mbali nawe, nimejaribu siku tisa nimeshindwa. Ingia."

Bi Florence alikuwa akipepeta mchele. Akafurahi kumwona, akamkaribisha kitako, akamwuliza mbona umepotea, mwanangu. Winfred akapiga magoti sakafuni, akasema yote, kuanzia vitambaa hadi viazi hadi vigelegele vya kanisani. Ungo ulitulia mapajani.

Alipomaliza, mama akauliza swali moja.

"Siku ile niliyolia hapa, ulinishika mkono."

"Nilikushika, mama."

"Hali wajua."

"Hali najua."

Bi Florence akaupeleka uso dirishani.

"Kila asubuhi nilikuwa nikimwuliza leo ni siku gani," akasema. "Mtoto wangu. Namwuliza leo ni siku gani, na ananijibu akiogopa." Akashusha pumzi. "Harusi siizuii. Kai akutaka, na mimi nimemwona amerudi kucheka, siwezi kumnyima. Lakini usiniite mama. Mpaka nikwambie mimi mwenyewe."

"Sawa, ma..." Winfred akajizuia. "Sawa, Bi Florence."

Walioana mwezi wa Agosti. Mvua zilikuwa zimeshapita, na kijito kilipimwa wakati wa mvua hizo mbele ya watu wote. Kikaonekana kinafika horini, na yadi ikakataliwa mahali pale. Kai alirudishiwa muhuri wake. Winfred sasa anauza vitambaa Mikindani, na hana haja ya kusimulia kwa nini aliacha ofisi, kila mteja anajua.

Siku ya harusi, ilipofika zamu ya bibi harusi kumsalimu mama wa bwana harusi, kanisa zima lilinyoosha shingo. Winfred akainama na shela lake mpaka chini.

"Shikamoo, Bi Florence."

"Marahaba."

Bi Florence alimtengenezea shela lililokuwa limejikunja begani, polepole, kwa mikono yote miwili. Winfred alingoja neno jingine. Halikuja, na nyuma yake wageni walikuwa wamepanga foleni, akasogea kuwapisha.