Malkia Aliyetoka Mbio

“Huo si ushindi, jirani. Huo ni wizi wa mchana,” msusi alisema akiwa mlangoni mwa saluni yake, chanuo mkononi.

“Wizi gani?” fundi cherehani alijibu kutoka upande wa pili wa uchochoro. “Binti yangu kamfunga mwanao sataranji kwa hatua nne tu. Kidonda hicho, kakae nacho.”

“Mwanangu alikuwa ananigawia nywele za kusukia. Mkono mmoja nywele, mkono mmoja mchezo.”

“Na mimi nilimzibia ubao kwa kichwa changu,” mteja wake aliongeza kutoka kitini, upande mmoja kasukwa, upande mwingine bado.

Binti wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimbunga, alikunja uso. Shule ilikuwa ikipeleka mchezaji mmoja tu kwenye mashindano ya kesho, na mwalimu alikuwa amewaachia yeye na mtoto wa msusi waamue kwa mchezo. Kimbunga alishatangaza safari yake hadi kwa muuza maji.

“Turudie basi,” alisema. “Aje hata na mikono mitatu.”

Ubao ukawekwa juu ya kigoda katikati ya uchochoro. Watu wakajaa, kila mtu bingwa, ingawa wengi hawakujua farasi anatembeaje.

Kimbunga alicheza vilevile. Malkia wake akatoka mbio kabla farasi wake hawajaamka. Safari hii mtoto wa msusi alishika mashavu kwa mikono yote miwili, akatazama, akatazama tena.

“Kalala huyo?” mtu akauliza.

“Muacheni, anafikiri. Nyie hamjawahi kuona mtu akifikiri,” msusi akajibu.

Farasi wa kijana akamtisha malkia, malkia akakimbia. Askari akamtisha, akakimbia tena, mpaka akabanwa pembeni, hana pa kwenda, akaliwa. Baada ya hapo mfalme wa Kimbunga hakudumu.

Kimbunga angeweza kusingizia kelele. Badala yake alimpa mwenzake mkono. “Kesho nenda wewe. Mimi najua njia moja tu.”

Baba yake akamshika bega. “Mwanangu, shati la kushonwa harakaharaka hupendeza likiwa limetundikwa. Mtu akilivaa na kunyanyua mkono, linaachia kwapani. Kushinda upesi si kosa. Kosa ni kudhani umeshajua, ukaacha kujifunza.”

Kimbunga akamgeukia kijana. “Yule farasi wako ulimtoa lini? Nionyeshe. Nataka na mimi niende muhula ujao.”

“Panga kete,” kijana akasema, tayari akiinama kwenye ubao.

Msusi aliwatazama, akamtazama na fundi aliyekuwa anaanza kurudi kwake kimyakimya.

“Na wewe jirani, unanyatia wapi na maneno yako yote yale? Wabebe hao na ubao wao, mwingie ndani. Chakula kimeiva.”