Tumbaku ya Nthenya

Jumatatu moja ya Agosti 1998, saa moja asubuhi, Nthenya alifungua banda la utafiti pale Kasikeu akakuta kamba ya kulia haina kitu. Kamba ya kushoto ilikuwa bado na majani yake makavu ya tumbaku, kama alivyoyaacha Jumamosi. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimetolewa taratibu na kuegemezwa ukutani. Mwizi mwenye adabu zake.

Ya kushoto ilikuwa tumbaku ya kawaida. Ya kulia ilikuwa kazi ya miaka mitatu: mimea iliyobadilishwa ili itengeneze protini ya vijidudu vya vumbi, wale wasioonekana wanaokaa magodoroni na kuwapigisha watu chafya. Ikifaulu, daktari angedunga tone lake kwenye ngozi ya mgonjwa, aone kama itavimba, ajue kinachomsumbua. Jumatano wageni wangetoka Nairobi kuamua kama banda litafungwa. Nthenya hakuwa na cha kuwaonyesha, akalia bila kujificha.

Koplo Kalunde alifika kutoka Sultan Hamud saa nne. Alikuwa mcheshi, lakini hakumwamini mtu kabla ya chai. Nzioka, mlinzi, aliapa kwamba hakuondoka mlangoni hata dakika moja. Ila Jumapili saa tano, maombi yalipoanza kanisani ng'ambo ya ua, alivua kofia akafumba macho palepale. Kwa muda gani? Nusu saa, akasema, maana mvua imekataa.

Kila mtu alimtaja Syombua, muuza ugoro. Hata mimi ningemtaja. Jumanne asubuhi Kalunde alimkuta sokoni, naye akamfungulia magunia yote. Majani yake yalikuwa mafupi na meusi. Ya Nthenya yalikuwa mapana.

“Niibe ya nini, afande? Hata yangu imebaki. Kuna mteja wangu wa dirisha la nyuma, wiki hii hajakuja.”

Jina alikataa kulitaja. Biashara ni siri.

Saa tisa alasiri Kalunde na Nthenya waliingia kanisani, ambako akina mama walikuwa na kikao chao. Wote walisema hakuna aliyetoka wakati wa maombi. Mzee Kivuva, mzee wa kanisa na adui mkubwa wa tumbaku, alikubaliana nao kutoka kiti chake karibu na mlango wa pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu na pua imevimba. Alieleza kwamba vumbi limemtesa tangu utotoni, na kanisa limefagiliwa.

“Hufagiliwa lini?” Kalunde aliwauliza akina mama.

“Jumamosi.”

“Na Jumapili, kwa maombi, mlifumba macho?”

“Sisi wote.”

“Sasa mlijuaje hakuna mtu alitoka?”

Kalunde akamgeukia mzee. “Vumbi ya Jumamosi haiwezi kukuvimbisha Jumanne. Hiyo ni pua ya ugoro. Mteja wa dirisha la nyuma ni wewe.”

Mzee Kivuva aliinama. Akaeleza kwamba wiki iliyopita mke wa pasta nusura amfumanie kwa Syombua, na hapa ng'ambo ya ua tumbaku ilikuwa imening'inia tu, karibu na dirisha. Alikuwa amesaga majani ya kiganja kimoja. Yaliyobaki yalikuwa kwenye gunia chini ya kitanda.

Kalunde alitarajia Nthenya amkemee. Badala yake Nthenya alikuwa ameinama akimchunguza pua, na uso wake ulianza kung'aa.

“Mzee, ugoro wa Syombua ulishawahi kukuvimbisha hivi?”

Akina mama walikuwa wanasikiliza. Kusema hapana ni kukiri kwamba hakuanza juzi.

“Miaka ishirini na mbili nanusa,” akasema polepole. “Hata siku moja.”

Nthenya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tumbaku yake ilikuwa imefanya kazi.

Jumatano, mbele ya wageni, mzee alinyoosha mikono yake. Tone la jani la kawaida halikufanya kitu. Penye tone la jani la Nthenya ngozi ilivimba kama punje ya mbaazi ndani ya dakika kumi na tano, na wageni wakapeana mikono. Mkubwa wao akauliza mtu huyu alipatikanaje. Nthenya alitazama chini, hakutaka kumwaibisha tena.

Mzee Kivuva akasimama mwenyewe, pasta akiwa nyuma yake.

“Nilikuja kuiba,” akasema.